Kusomea afya ya jamii ukitokea Tanga: stashahada, shahada, au tiba kwanza?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haina pumziko. Mimi ni bwana afya, mwaka wa 16 sasa katika mkoa huu wa Tanga, na ukoo mzima unajua hivyo. Safari hii wa kwanza kupiga alikuwa mpwa wangu wa Makorora, kamaliza PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia.

"Shikamoo mjomba. Nataka kusomea afya ya jamii."

"Marahaba mwanangu. Ipi?"

Kimya. Simlaumu. Jina hilo limefunika kazi ambazo hazifanani hata kwa viatu. Yuko anayeshinda na buti za mpira kwenye mtaro wa Ngamiani, yuko anayeshinda mezani akihesabu wagonjwa wa wilaya nzima, na yuko anayekesha Muheza akihesabu mbu. Wote watakwambia wanafanya afya ya jamii, na hakuna anayedanganya.

Kwa kijana wa hapa kwetu njia zinazotembewa sana ni tatu. Ya kwanza ni stashahada ya afya ya mazingira, ambayo unaingia hata kwa cheti cha kidato cha nne. Ya pili ni shahada ya sayansi ya afya ya mazingira, na wengi wakiitaja huwa wana maana ya Muhimbili. Ya tatu ni ya kuzunguka: unasoma kwanza udaktari au uuguzi, unafanya kazi, kisha unarudi chuoni kuchukua uzamili wa afya ya jamii. Iko na ya nne, shahada ya kwanza inayoitwa "afya ya jamii" tu, bila neno jingine, na hii huletwa sana na mawakala wa vyuo vya nje. Hiyo nitaigusa kidogo, na sababu utaiona.

Soma tangazo la ajira kabla ya kusoma tangazo la chuo

Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, kuanzia Jiji lenyewe hadi Kilindi na Bumbuli. Nafasi zinapotoka huko, tangazo haliandiki "mhitimu wa afya ya jamii". Linaandika Afisa Afya Mazingira, au Afisa Afya Mazingira Msaidizi, au Muuguzi, au Daktari. Serikali inaajiri kwa kada, na kila kada ina cheti chake na baraza lake. Sisi mabwana na mabibi afya tunasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2007 ya wataalamu wa afya ya mazingira. Madaktari wana baraza lao, wauguzi lao.

Hapo ndipo njia ya nne inapokwama. Kijana anarudi na shahada safi kabisa ya afya ya jamii, TCU, tume ya vyuo vikuu, wanaitambua, lakini anayechuja maombi anatafuta maneno "afya ya mazingira" na hayaoni. Hakusoma bure, maana mashirika na miradi humchukua. Ila mlango wa halmashauri, ambao ndio mwajiri mkubwa wa afya mkoani, kwake umerudishiwa. Nimeona wawili wakirudi kusoma stashahada wakiwa na shahada mkononi, na si jambo la kumwombea mtoto wako.

Stashahada na shahada ya afya ya mazingira hazina shida hiyo. Zote mbili zina kada, na tofauti yake ni ngazi unayoanzia. Anayepita kwenye tiba naye yuko salama, kwa sababu hata uzamili asipousoma kamwe bado ni muuguzi au daktari, na hospitali binafsi zinamhitaji. Ukinipa jambo moja tu la kulinganisha, ningelinganisha hilo: cheti chako kinaitwaje, na nani ana kiti chenye jina hilohilo.

Siku ya kipindupindu

Mambo ya vyeti yanachosha. Tutazame kazi yenyewe, na tuchukue siku ambayo wote watatu wanaitwa.

Mgonjwa anafikishwa zahanati usiku, anaharisha maji kama ya kuoshea mchele. Mpaka alfajiri wameongezeka wanne. Tuseme ni mtaa wa pwani, nyumba zimebanana, visima vifupi, na bomba linalotoa maji kwa zamu.

Mwenye stashahada ndiye anayefika nyumbani kwa mgonjwa. Ana bomba la kupulizia dawa mgongoni, klorini, glavu na daftari. Anapulizia chumba na choo, anafundisha familia kuosha vyombo na matandiko, kisha anaanza kuuliza: juzi mlikula wapi, maji mnachota wapi, nani mwingine anaumwa tumbo? Anauliza ya siku tano nyuma, kwa sababu vimelea vya kipindupindu huanza kuumiza baada ya saa chache hadi siku tano. Anachukua kipima klorini na kwenda kwenye kila chanzo cha maji. Maji ya kunywa yanatakiwa yabaki na klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita mpaka yanapofika kwa mtumiaji, na 0.5 wakati wa mlipuko ni bora zaidi. Maji ya Jiji hutoka Mto Zigi, bwawa la Mabayani, na yanatibiwa kabla ya kuingia bombani. Yakishamwagwa kwenye pipa la muuza maji na kukaa siku mbili juani, hayo ni maji mengine.

Baadaye anafika kibanda cha mama lishe, na hapa wengi wanaopenda afya ya jamii kwa maneno huvunjika moyo. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa uwezo wa kuingia, kukagua, kutoa notisi na kuzuia biashara. Lakini mwenye kibanda ni mama wa watu, ana watoto shule, na pengine ni wifi yako. Mimi niliwahi kufunga kibanda cha ndugu wa mke wangu wakati wa mlipuko. Kosa halikuwa kubwa, ni maji ya kunawa tu hayakuwepo na choo kilikuwa kimejaa. Nilisusiwa harusi mbili. Kibanda kilifunguliwa baada ya siku sita, safi, na mpaka leo nikipita hapo napewa chai bila maneno. Kama huwezi kubeba kununiwa, usichague njia hii, iwe kwa stashahada wala kwa shahada.

Mwenye uzamili wa afya ya jamii, ambaye mara nyingi ni daktari, siku hiyo humkuti mtaani asubuhi. Yuko ofisini kwa Mganga Mkuu na orodha ya wagonjwa: umri, jinsia, mtaa, siku aliyoanza kuharisha, maji anayokunywa. Anachora. Wagonjwa 14, na kati yao 9 wanachota kisima kimoja. Simu inapigwa, na yule wa kwanza, ambaye bado ana bomba mgongoni, anaambiwa aende kisima kile. Daktari huyo ndiye pia anayeamua kambi ya matibabu iwe wapi, dripu ngapi ziagizwe, na taarifa gani iende mkoani na wizarani. Kazi yake ni ya kichwa na uamuzi. Akikosea kuchora, watu 20 wanapulizia klorini mtaa usio wenyewe.

Na mwenye shahada ya afya ya mazingira? Anatakiwa awe katikati: agawe kata, asimamie wasaidizi, aandike mpango na bajeti, aandae kesi kama mfanyabiashara amegoma. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema. Siku ya tatu ya mlipuko utamkuta juu ya bodaboda na bomba mgongoni kama wenzake. Nisimfiche mtu: kwa siku kama hiyo shahada na stashahada zinakaribiana mno, kuliko mshahara unavyoonyesha. Tofauti yake huonekana mlipuko ukiisha, pale mtu anapotakiwa kuandika kwa nini ulitokea na nini kijengwe usirudi.

Miaka, ada na deni

Stashahada ni miaka 3. Sifa ya kuingia ni D nne za kidato cha nne zisizo za dini, Kemia na Baiolojia zikiwemo, na maombi ya vyuo hivi yako chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Vyuo vya serikali vya fani hii vinavyojulikana viko mbali na sisi: Mpwapwa, Ngudu kule Kwimba, Kagemu Bukoba. Ukipanda basi Kange kwenda Kagemu, jiandae kulala njiani. Jirani kuna Muheza, wanakofundisha udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa, fani ndogo lakini yenye watu wachache.

Shahada ya afya ya mazingira ni miaka 3 au 4 kutegemea chuo, baada ya kidato cha sita chenye pasi kuu za sayansi. Aliyepitia stashahada naye anaruhusiwa, akiwa na GPA isiyopungua 3.0. Kwa hiyo wa kidato cha nne ana ngazi ya kupandia, ila ajue kwamba GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, ikiwa 2.9 inaifunga ngazi hiyo. Nawaambia vijana wa stashahada kila mara: usisome ili ufaulu tu, soma ukiitazama hiyo 3.0.

Udaktari ni miaka 5 na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, uuguzi wa shahada ni 4 na mmoja. Uzamili wa afya ya jamii huongeza mwaka mmoja mpaka miwili. Anayepita huku anafika kwenye afya ya jamii akiwa na miaka 30 au karibu yake, wenzake wa stashahada wakiwa na miaka minane ya kunuka klorini.

Ada zinatofautiana chuo na chuo, sitaki kukutajia hesabu ya jirani. Mkopo ndio wa kulinganisha. Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha wa shahada tangu 2005, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kukopesha baadhi ya fani za stashahada, afya ikiwemo. Waliofaulu sana sayansi kidato cha sita wana pia Samia Skolashipu, ambayo hairudishwi. Mkopo unarudishwa kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mwenye stashahada anadaiwa kidogo kwa sababu amekopa kidogo, na hilo wazazi wa hapa huwa hawalihesabu.

Sasa neno la kusubiri. Nafasi za serikali hutoka kwa vibali, kwa mawimbi. Unaweza kumaliza leo ukaajiriwa mwakani, unaweza kujitolea kituo cha afya miaka mitatu. Mhitimu wa tiba husubiri akiwa na kipato cha hospitali binafsi. Wa afya ya mazingira anaweza kusubiri kwenye sefti: viwanda vya saruji, bandari iliyopanuliwa, na mradi wa bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, vyote vinataka watu wa usalama na afya kazini. Ongeza kozi ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, juu ya cheti chako. Wasiosubiri vizuri ni wale wa njia ya nne.

Mpakani, ambako watu husahau

Mkoa wetu una bandari na mpaka. Afisa afya wa Horohoro au wa bandarini hakagui mama lishe. Anatazama abiria, meli, shehena na kadi za chanjo ya homa ya manjano, ambazo tangu Julai 2016 zinahesabiwa ni za maisha na hazidai kurudiwa kila miaka 10. Machi 2023, homa hatari ya Marburg ilipotangazwa Kagera, kazi hii iliyokuwa ikionekana ya kupiga mihuri ikajulikana ni ya nini. Wanaoifanya ni watu wa afya ya mazingira hasa, na mwenye shahada huko ana nafasi nzuri kuliko mwenye stashahada, kwa sababu kuna mengi ya kuandika na kanuni za kimataifa za kusoma.

Utafiti: Muheza, Korogwe, Bagamoyo

Mpwa wangu aliponiuliza habari ya utafiti nilifurahi, maana Tanga ni kwao na utafiti wa afya. Wajerumani walianzisha kituo cha sayansi Amani mwaka 1902, cha kilimo, na baadaye milima hiyo ikawa nyumba ya utafiti wa malaria. Leo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, ina kituo chake cha Amani kikifanyia kazi Muheza, na kingine Tanga mjini. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, ilijaribiwa katika vituo 11 vya Afrika kwa watoto 15,459. Viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Ya pili, R21, iliyopitishwa Oktoba 2023, nayo ilipita Bagamoyo, kwenye kituo cha Ifakara kilichopo pale.

Kwa hiyo ukitaka utafiti huna haja ya kuhamia mbali. Lakini linganisha vizuri. Mwenye stashahada huchukuliwa kukamata mbu, kuhoji kaya, kuingiza takwimu. Ni kazi ya mkataba, na mkataba una tarehe ya mwisho. Mwenye shahada husimamia kikosi cha namna hiyo. Mwenye uzamili huandika utafiti wenyewe, na mwenye uzamivu huomba fedha zake. Hakuna sehemu katika afya ya jamii ambako ngazi za elimu zinahesabiwa kwa ukali kama huku. Bwana afya mzuri wa kata anaheshimiwa mtaani bila kujali cheti, lakini mkamata mbu hodari hubaki mkamata mbu mpaka arudi shule. Na awe mtu wa usiku, kwa sababu anofelesi, mbu wa malaria, hakai kumsubiri mtu mchana.

Miradi, kabla na baada ya Januari 2025

Zamani nikiulizwa shahada ya afya ya jamii inaleta nini, nilikuwa najibu: miradi. Ukimwi, kifua kikuu, malaria, uzazi wa mpango, ufuatiliaji na tathmini. Mishahara yao iliwatoa watu halmashauri bila kuaga. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na baadaye shirika lake la misaada likafungwa. Watu ninaowajua walirudisha laptopu na funguo za gari ndani ya wiki moja.

Angalia nani aliangukia wapi. Wauguzi na madaktari waliokuwa kwenye miradi walirudi wodini. Wa afya ya mazingira walirudi kuomba kada yao. Wa shahada isiyo na kada walibaki na wasifu mrefu. Miradi haijafa, wafadhili si Marekani peke yake, lakini kuchagua fani kwa kuitegemea ni kujenga kwenye mchanga wa Raskazone.

Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Mafunzo ni ya miezi sita. Si fani ya chuo kikuu, ila kwa mtoto aliyekosa D zake ni mlango, na kila kikosi cha wahudumu kinahitaji msimamizi mwenye kada.

Nani anakaa kiti cha mbele

Hili husemwa kwa sauti ya chini. Ukiwa afisa afya, hata kwa shahada mbili, Mganga Mkuu wa Wilaya hutakuwa. Kiti kile ni cha daktari, na siku hizi wengi waliokikalia wana uzamili wa afya ya jamii. Utakuwa mkuu wa kitengo, utakuwa kwenye timu ya uendeshaji, utapiga kura ya mawazo, lakini saini ya mwisho si yako. Anayewaka kutaka kuongoza mfumo mzima na ana alama za udaktari, aende udaktari, avumilie miaka.

Kwa wengine wote pengo limepungua. Tangu 2008 kuna programu ya kitaifa ya epidemiolojia ya vitendo, yaani kufuatilia ugonjwa unavyoenea, pamoja na Muhimbili: uzamili wa miaka miwili kwa wa juu, na kozi ya miezi mitatu kwa watumishi wa wilaya. Nimefanya ile ya miezi mitatu. Nilirudi naweza kuchora ule mchoro wa visima mwenyewe, na daktari wetu akaanza kuniuliza badala ya kuniagiza.

Mpwa wangu ana alama za kukaa kwenye mstari: udaktari si wa uhakika, uuguzi na afya ya mazingira anapata. Ningekuwa na mtoto wa kidato cha nne wa familia isiyo na kitu, ningempeleka stashahada bila kufikiri mara mbili, na hiyo 3.0 ningemwandikia ukutani. Anayependa wagonjwa kuliko mitaro ningempeleka uuguzi, uzamili aje baadaye. Kwa huyu nilitaka shahada ya afya ya mazingira, ila sikutaka aichague kwa kuwa amekosa udaktari, kama wanavyofanya wengi. Hao ndio wanaochukia kazi mwaka wa pili.

Nikamwambia Jumamosi tutembee. Tukaanza soko la samaki Deep Sea, tukaja kwenye nyumba za wageni, tukamalizia mtaa mmoja ambako nilikuwa na malalamiko ya choo. Sokoni aliziba pua, nikadhani nimempoteza. Kule kwenye malalamiko mwenye nyumba akawa ananieleza mimi habari za mvua na mafundi, yeye akaondoka pembeni yangu. Akaenda mpaka shimo la choo, akageuka, akaanza kupiga hatua ndefu kuelekea kisimani, anahesabu kwa midomo.

"Mjomba, ulisema kisima na choo ni mita 30?"

"Ndiyo."

"Hapa zimetoka 11."

Mwenye nyumba akanyamaza. Jioni ile mpwa wangu akafungua mfumo wa maombi.